Kifurushi kimoja au programu mbalimbali? Shajara ya kulinda kompyuta tatu za nyumbani

2 Novemba 2025: Hali ilivyo kabla ya kugusa chochote

Kompyuta ni tatu. Ya kwanza ni mpakato wangu wa kazi: Windows 11, kumbukumbu ya GB 16, diski ya SSD. Ya pili ni mpakato wa zamani wa mama, anaoutumia kwa barua pepe, benki na picha: Windows 10, GB 4, diski ya kuzunguka. Ya tatu ni ya mezani, Windows 11, ya watoto. Zote zinalindwa na Microsoft Defender, antivirusi iliyokuja na mfumo.

Swali la mradi: nilipie kifurushi cha usalama chenye kila kitu ndani, au nichague programu moja moja? Ushauri mwingi kuhusu jambo hili huhesabu programu. Mimi nahesabu kazi, maana programu tano zinaweza kufanya kazi moja mara tano na kuacha nyingine bila mtu. Kazi zenyewe ni hizi: kukamata programu hasidi zinapoingia, kuzuia miunganisho isiyoalikwa, kuzuia tovuti za hadaa, kutunza nywila, kuzuia programu za kudai fidia zisifunge mafaili, kurudisha mafaili yakipotea, na kusasisha mfumo. Kila moja lazima iwe na mwenyewe anayejulikana.

Kipimo nitakachorudia kila hatua ni faili la majaribio la EICAR. Ni maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara yoyote, ila watengenezaji wa antivirusi walikubaliana kuyatambua kana kwamba ni kirusi. Faili hili halisemi antivirusi ni hodari kiasi gani. Linasema tu kama iko macho. Hilo linanitosha, kwa sababu ubora wa kukamata umeshapimwa na maabara zenye vifaa kunizidi. AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hutoa alama hadi 6 kwa ulinzi, 6 kwa kasi na 6 kwa utumikaji, na Defender imepata 18 kamili zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni. Kwa hiyo simtazami Defender kama mlinzi wa muda anayesubiri mwenye kazi aje. Yeyote atakayechukua nafasi yake aoneshe anachoongeza.

5 Novemba 2025: Masasisho kwanza

Mpakato wangu na ya mezani: zimesasishwa, zimewashwa upya, basi.

Ya mama ndiyo yenye neno. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yake haina TPM 2.0, kijenzi cha usalama kinachotakiwa na Windows 11. Matangazo kadhaa ya vifurushi yanadokeza kwamba antivirusi ya kulipia itafidia pengo hilo. Haiwezi, na mfano wake umo katika historia. Microsoft ilitoa kiraka (sasisho la kuziba tundu la usalama) cha MS17-010 mwezi Machi 2017. WannaCry, programu ya kudai fidia, ikaanza kuenea tarehe 12 Mei mwaka huo huo na kuingia kwenye mashine ambazo kiraka kilikuwa hakijafika. Tundu lilikuwa kwenye mfumo wenyewe, na njia ya uhakika ya kuliziba ilikuwa kiraka.

Nimeiandikisha kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, unaofika hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa mtu wa nyumbani upo bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kupitia akaunti ya Microsoft. Defender itaendelea kupata orodha mpya za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini watu wasichanganye mambo haya mawili. Orodha ya virusi inamtambua mwizi. Haitengenezi kitasa kilichovunjika.

9 Novemba 2025: Kifurushi kwenye mashine zote tatu

Nimeweka toleo la majaribio la siku 30 la kifurushi kinachojulikana sana. Sitakitaja jina, kwa kuwa nataka msomaji apime aina hii ya bidhaa, na mengi ninayoyaandika hapa yanaweza kumkuta kwa kampuni nyingine pia. Ndani kina antivirusi, faiwoli (ya kuzuia miunganisho isiyoalikwa), VPN (inayopitisha mawasiliano yako yakiwa yamefumbwa kwenye seva nyingine), kitunza nywila, ulinzi wa watoto, kisafishaji cha diski na kitu kinachoitwa kiongeza kasi.

Kuweka ni rahisi, na hili ni la kweli na la maana: ndani ya muda mfupi kazi tano kati ya zile saba zilikuwa na mwenyewe, kwa dirisha moja na rangi ya kijani. Mtu asiye na muda anapata ulinzi wa haraka. EICAR ilikamatwa kwenye zote tatu kabla faili halijamaliza kuandikwa kwenye diski. Defender ilijizima yenyewe, kama inavyotakiwa pale antivirusi nyingine inapojiandikisha kwenye Windows.

Kwenye mpakato wangu sioni tofauti ya kasi. Kwenye ule wa mama tofauti inaonekana kwa macho. Task Manager inaonesha diski ikiwa asilimia 100 kwa dakika nyingi baada ya kuwasha, na kumbukumbu iliyobaki ni kidogo kiasi kwamba kivinjari kikifunguliwa mfumo unaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski ile ile iliyoelemewa. Nimezima kisafishaji na kiongeza kasi, ikapata nafuu kidogo. Viwili hivyo havilindi chochote. Ukinunua kifurushi, vizime siku ya kwanza.

16 Novemba 2025: Barua pepe zimegoma

Thunderbird, programu ya barua pepe kwenye mashine ya mama, imekataa kupokea barua, ikilalamikia cheti cha usalama cha seva. Seva haina tatizo, kwani simu yake inapokea barua zile zile bila shida.

Chanzo kimechukua muda kukipata, na kinafaa kuelezwa kwa kirefu. Mawasiliano na seva siku hizi yamefumbwa, kwa hiyo antivirusi haiwezi kuyasoma yakiwa njiani. Kifurushi kinatatua hilo kwa kukaa katikati: kinaweka cheti chake kikuu ndani ya Windows, kinafungua mawasiliano, kinayakagua, kisha kinayafumba tena kwa saini yake. Vivinjari vinavyotumia hazina ya vyeti ya Windows vinakubali kimya kimya. Thunderbird ina hazina yake yenyewe, ikaona cheti kilichosainiwa na mtu isiyemjua, ikakataa. Thunderbird ilifanya kazi yake sawasawa.

Kujichunguza wewe mwenyewe: fungua tovuti ya benki, bonyeza alama iliyo karibu na anwani, tazama cheti kimetolewa na nani. Ukikuta jina la kampuni ya antivirusi, mawasiliano yako na benki yanafunguliwa na kufumbwa upya ndani ya kompyuta yako.

Suluhisho lilikuwa kuzima ukaguzi wa mawasiliano yaliyofumbwa katika mipangilio ya kifurushi. Barua zikarudi. Ulinzi haukupungua kwa kiasi cha kutisha, kwa sababu faili lolote likifika kwenye diski bado linakaguliwa, na kivinjari kina orodha yake ya tovuti za hadaa.

Jambo hili limenifanya nifikirie imani tunayoiweka kwa programu hizi. Antivirusi huona kila faili na mara nyingi kila anwani unayotembelea. Avast ilikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyouza data za matembezi ya watumiaji mtandaoni. Ilifungwa mwaka 2020 baada ya habari kutoka, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5. Uwezo ule ule unaoifanya antivirusi ikulinde ndio unaoifanya iwe ya hatari ikikosea. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, ambayo ni ya makampuni na si ya nyumbani, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5, kwa sababu programu hiyo hufanya kazi ndani kabisa ya kiini cha mfumo. Hii ndiyo sababu nataka programu zenye mamlaka makubwa ziwe chache kadiri inavyowezekana. Hoja hii haikipendelei kifurushi, wala haimpendelei anayerundika programu nyingi.

29 Novemba 2025: Njia ya programu mbalimbali kwenye mpakato wangu

Nimeanza kwa kuondoa kifurushi kwa njia ya kawaida, kupitia orodha ya programu. Baada ya kuwasha upya, hakuna intaneti. Wi-Fi inasema imeunganishwa, ila hakuna ukurasa unaofunguka.

Faiwoli ya kifurushi ilikuwa imepachika draiva yake (programu ndogo ya ndani ya mfumo) ya kuchuja kwenye njia ya mtandao. Programu imeondoka, draiva imebaki ikisubiri maagizo ya bwana asiyekuwepo. Marekebisho yaliyofanya kazi, kwa mpangilio huu:

1. Kwa kompyuta nyingine, pakua zana rasmi ya uondoaji kutoka tovuti ya mtengenezaji. Kampuni nyingi za antivirusi zinayo, ingawa aghalabu imefichwa katika kurasa za msaada.
2. Washa kompyuta katika hali salama (Safe Mode), endesha zana hiyo.
3. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `netsh winsock reset`, kisha `netsh int ip reset`.
4. Washa upya.

Intaneti imerudi, na Defender imeamka yenyewe. Anayekusudia kujaribu kifurushi aipakue zana ya kukiondoa kabla hajakiweka. Kwa aliye na kompyuta moja tu na hana simu ya kushirikisha data, tatizo hili lingemwacha bila njia.

Baada ya hapo nikaanza kujenga. Defender kwa programu hasidi, faiwoli ya Windows kwa miunganisho, uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo na tovuti hasidi, ndani ya Firefox, KeePassXC kwa nywila. Kwenye Chrome, uBlock Origin kamili haipatikani tena kutokana na mabadiliko ya kanuni za viendelezi. Lipo toleo lake jepesi, nalo linafaa. Kwenye ruta nimebadilisha DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) kuwa 9.9.9.9 ya Quad9, inayokataa kutafsiri anwani za tovuti zinazojulikana kuwa hasidi. Badiliko hili moja linafika hadi kwenye simu na runinga, vifaa ambavyo kifurushi cha kompyuta hakivigusi.

Viwili vimeshindikana. Cha kwanza ni programu ya pili ya kusaka programu hasidi. Ilikuja na majaribio ya ulinzi wa muda wote, ambao ulijiwasha bila kuizima Defender. Mafahali wawili hawakai zizi moja: nilipoweka EICAR, zote mbili ziliking'ang'ania kijifaili hicho, moja ikijaribu kukitenga huku nyingine ikiwa imekishika, na arifa zikawa zinarudi kila baada ya muda mfupi. Kunakili folda kubwa ya picha kukawa kwa kujikokota. Nimezima ulinzi wake wa muda wote, nimeibakiza kama mkaguzi ninayemwita nikiwa na shaka. Kwa faili moja lenye shaka, VirusTotal inatosha, kwa kuwa hulipitisha kwenye injini nyingi za antivirusi kwa mkupuo mmoja. Usipandishe humo hati za siri, kwani mafaili yanayopandishwa yanaweza kuonwa na watafiti wengine.

Cha pili ni faiwoli ya kujitegemea. Iliuliza ruhusa kwa kila programu iliyotaka kutoka mtandaoni, kwa majina ya michakato ya Windows ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyapima. Anayeulizwa mara nyingi hujifunza kubonyeza "ruhusu". Nimeiondoa. Faiwoli ya Windows, iliyowashwa kwa chaguo-msingi tangu XP SP2 ya mwaka 2004, huzuia yanayoingia bila kualikwa na haimsumbui mtu. Ukiwa nyuma ya ruta ya nyumbani, hilo ndilo hitaji.

13 Desemba 2025: Leseni imeisha, kwa makusudi

Mashine ya mama na ya watoto niliziacha na kifurushi hadi siku za majaribio zikaisha, nione kinachobaki. Hiki ndicho kipimo ambacho sijaona watu wengi wakikifanya, na kwangu kimekuwa na uzito kuliko chochote cha kabla yake.

Orodha ya virusi iliacha kusasishwa. VPN ilikatika. Kitunza nywila kiliruhusu kusoma nywila za zamani, kikakataa kuongeza mpya. Kwenye mashine ya mama kifurushi kiliendelea kujitambulisha kwa Windows kama antivirusi ya nyumba kwa siku kadhaa, kwa hiyo Defender haikuamka, huku dirisha la kudai malipo likijitokeza kila anapowasha. Mama alidhani ni virusi. Alikuwa na haki ya kudhani hivyo, maana dirisha lile lilikuwa na rangi nyekundu, kengele na kitufe cha kulipa, sawasawa na matangazo ya utapeli ambayo nimemfundisha kuyakimbia.

Hapo ndipo tofauti ya kweli ya njia hizi mbili inapoonekana. Katika kifurushi, kazi zote zimefungwa kwenye tarehe moja ya malipo, na siku ikifika zinaanguka pamoja. Katika programu mbalimbali, zinaharibika moja moja, na hatari yake ni kwamba moja inaweza kufa kimya bila mtu kujua.

Kuhusu bei: ada ya mwaka wa kwanza iliyotangazwa ilikuwa chini ya nusu ya ada ya kujirudia, na kujirudia kumewashwa kwa chaguo-msingi. Anayelipa azime kujirudia siku hiyo hiyo na aandike tarehe kwenye kalenda yake.

Kuhamisha nywila: kifurushi kilitoa faili la CSV ambalo KeePassXC imelisoma bila tabu. Faili la CSV ni maandishi ya wazi yenye kila nywila ya nyumba. Lifute mara tu uhamisho ukikamilika, safisha na pipa la taka, na hakikisha halikuanguka ndani ya folda inayopandishwa kwenye wingu.

20 Desemba 2025: Programu fidia na nakala

Defender ina kinga dhidi ya programu zinazofunga mafaili na kudai fidia, iitwayo Controlled folder access, iliyoingia Windows 10 mwaka 2017. Imezimwa kwa chaguo-msingi, ndiyo maana wengi hawajui kwamba wanayo. Inakataza programu isiyoaminika kuandika kwenye Documents, Pictures na folda nyingine unazozitaja.

Nimeiwasha kwenye zote tatu. Kwenye ya watoto ilizuia michezo kuhifadhi hatua walizofikia, kwa kuwa michezo mingi huandika ndani ya Documents. Kilichoshangaza ni namna kosa linavyojitokeza: mchezo haukusema umezuiwa, ulisema diski imejaa. Ukikutana na programu isiyohifadhi bila sababu, nenda kwenye historia ya ulinzi ya Windows Security, utaona jina lake limeandikwa hapo, nawe unaweza kuiruhusu. Kwenye ya mama haijagusa chochote.

Kinga hiyo haichukui nafasi ya nakala rudufu. Pesa pekee zilizotumika katika mradi huu kufikia leo ni za diski ya nje. Mafaili ya mashine zote yananakiliwa humo, kisha diski inachomolewa. Kuchomoa ni sehemu ya ulinzi, kwa sababu programu fidia hufunga kila diski inayoiona, pamoja na iliyobeba nakala. Nimefuta folda moja ya picha na kuirudisha kutoka kwenye diski ili kuhakikisha inarudi. Jaribio la kwanza lilirudisha folda bila picha zilizokuwa kwenye wingu tu, zile ambazo Windows huonesha jina lake huku faili lenyewe halipo kwenye mashine. Nimeagiza folda hiyo ihifadhiwe daima kwenye kompyuta, nikanakili tena, nikafuta tena. Sasa zote zimerudi.

10 Januari 2026: Ya watoto

Hapa kifurushi kilikuwa na hoja yake ya nguvu zaidi: ulinzi wa watoto uliojengwa ndani, wenye mipaka ya muda na aina za tovuti. Nilijaribu kuupata kwa vipande. Microsoft Family Safety inaweka mipaka ya muda bila malipo, lakini uchujaji wake wa tovuti unategemea Edge, kivinjari cha Microsoft, na watoto wanapenda kivinjari kingine. DNS ya Cloudflare ya 1.1.1.3, inayozuia programu hasidi na picha za watu wazima, imeziba sehemu kubwa ya pengo kwenye mashine hiyo. Kwa upande mwingine, VPN ya kifurushi ilikuwa inakwepa DNS ya nyumba kila ilipowashwa, hivyo sehemu moja ya kifurushi ilikuwa inadhoofisha kile nilichokijenga nje yake.

Kilichosaidia kuliko vyote hakiuzwi. Akaunti za watoto zilikuwa za msimamizi. Sasa ni za kawaida, na programu mpya inataka nywila yangu. Tangu hapo sijakuta kiendelezi cha ajabu wala "kipakuzi cha video" kilichojiweka.

Kwa familia yenye watoto wenye simu na kompyuta nyingi, na mzazi ambaye hataki kugusa ruta wala akaunti, ningemshauri alipie kifurushi kizuri na akilipie kwa wakati. Nasema hivyo bila kusita. Mpango wa vipande ambao hakuna wa kuutunza ni mbaya kuliko kifurushi cha wastani kilicho hai.

7 Februari 2026: Zilivyo sasa

Mashine zote tatu: Defender, faiwoli ya Windows, uBlock Origin, KeePassXC, DNS ya kuchuja, akaunti ya kawaida kwa matumizi ya kila siku, nakala kwenye diski ya nje. Kifurushi kimeondolewa kote kwa zana rasmi. Mashine ya mama inafungua barua pepe bila kusubiri diski itulie.

Udhaifu wa mpangilio huu ni kule kufa kimya nilikokutaja, kwa hiyo mara moja kwa mwezi napita kila mashine: naweka EICAR nione inakamatwa, natazama tarehe ya orodha ya virusi na ya sasisho la mwisho la Windows, nachomeka diski, nanakili, nafungua faili moja kutoka kwenye nakala, nachomoa. Katika pito la kwanza kiendelezi cha uBlock kilikutwa kimezimwa kwenye mashine ya watoto, kwa sababu mchezo mmoja wa mtandaoni uligoma kufunguka ukiwa nacho. Nimekiwasha na kuruhusu tovuti hiyo moja pekee.

Kilichobaki ni mpakato wa mama. Masasisho ya ziada yanaisha tarehe 13 Oktoba 2026, na sitauacha uingie benki baada ya siku hiyo ukiwa na Windows 10. Hatua inayofuata ni kuuendesha kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote, nione kama printa na Thunderbird vinakubali.